Kabla Habari Haijasomwa Hewani: Mwongozo wa Uhariri kwa Redio Ndogo za Lamu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahariri, watangazaji na wasaidizi wa kujitolea wanaoendesha vituo vidogo vya redio katika Kaunti ya Lamu, ambako mara nyingi mtu mmoja ndiye anayepokea habari, anayeiandika, anayeihariri na anayeisoma hewani jioni ile ile. Unahusu namna ya kuamua habari ipi ipite na ipi isubiri, na namna ya kuifanya kazi hiyo waziwazi, kiasi kwamba msikilizaji wa Kizingitini au wa Witu aweze kujua ni nani aliyeamua, kwa sababu gani, na pa kwenda endapo ataona ameonewa.

Wataalamu wa mawasiliano humwita mhariri bawabu. Katika miaka ya 1940, mwanasaikolojia Kurt Lewin alichunguza jinsi chakula kinavyopita katika mikono kadhaa kabla ya kufika mezani, akaonyesha kwamba katika kila hatua yupo mtu anayeamua kiendelee mbele au kiishie hapo. Mwaka 1950 David Manning White alilipeleka wazo hilo katika chumba cha habari: alimchunguza mhariri mmoja wa gazeti la mji mdogo nchini Marekani, ambaye kwa muda wa wiki moja aliziweka kando takriban sehemu tisa kati ya kumi za habari alizoletewa na mashirika ya habari. Alipoombwa kueleza sababu, nyingine zilihusu ukosefu wa nafasi, na nyingine zilitokana waziwazi na mapendeleo yake mwenyewe. Ndiyo maana hakuna chombo cha habari kisichochuja, na anayesema kwamba anatangaza kila kitu anawaficha wasikilizaji wake uamuzi ambao tayari ameufanya.

Hata hivyo, nafasi ya bawabu imebadilika sana tangu wakati huo. Habari ya Pate hufika Amu, yaani mji wa Lamu, kwa WhatsApp kabla ripota hajavaa viatu. Zamani mhariri aliamua watu wasikie nini. Leo watu wamekwisha kusikia, na wanafungua redio ili wajue kama walichosikia ni kweli. Mhariri asiyelitambua badiliko hili hufanya kosa moja kati ya mawili: ama hukimbizana na simu na kusoma uvumi kama ulivyo, ama hunyamaza kabisa juu ya jambo ambalo mji mzima unalizungumza. Yote mawili huwafukuza wasikilizaji, na kwa maoni yangu hilo la pili halizungumzwi vya kutosha.

Anayeamua ajulikane

Kila zamu iwe na mhariri mmoja mwenye jina, ambaye jina lake limeandikwa katika daftari la zamu na linatajwa mwishoni mwa taarifa ya habari. Kituo kikiwa na watu watatu tu, mmoja wao awe mhariri wa siku hiyo, hata kama ndiye pia anayeshughulikia mitambo. Kanuni za kituo ziandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, zisizidi ukurasa mmoja, na zibandikwe studio mahali ambapo mtangazaji anaziona akiwa mbele ya maikrofoni.

Aina tatu za habari zisipitishwe na mtu mmoja peke yake: habari ya kifo, habari inayomtuhumu mtu au taasisi kwa kosa, na habari inayoweza kugonganisha dini, kabila au wenyeji na wahamiaji. Hizi zipitiwe na watu wawili, na kama wa pili hayupo, apigiwe simu na asomewe habari yote, neno kwa neno, kabla haijaenda hewani. Kumwambia kwa muhtasari hakutoshi, kwa sababu madhara mara nyingi hujificha katika neno moja, kama vile kusema mtu “amekamatwa kwa wizi” badala ya “amekamatwa kuhusiana na madai ya wizi”.

Kuifuata habari hadi kwa aliyeona

Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa umuhimu wa jambo hili, kwa kuwa mji huu umelea vizazi vya wanafunzi wanaojua kwamba kauli bila isnadi haina uzito: fulani kaisikia kwa nani, na huyo naye kaipokea wapi. Uhariri wa habari unadai nidhamu hiyo hiyo.

Chukua mfano wa ujumbe unaoingia saa kumi na mbili jioni, msimu wa kusi: “Boti ya Faza imezama Mkanda, watu wengi wamepotea.” Anayeutuma ameupata katika kikundi kingine. Apigiwe simu papo hapo, kwa adabu na bila kumshutumu.

“Asalaam aleikum, bwana. Ni redio hapa. Hiyo habari ya boti, umeiona mwenyewe?”

“La, nimeletewa na shemeji yangu, yuko Mtangawanda.”

“Yeye aliiona ikizama?”

“Yeye yuko gatini. Asema boti haijafika.”

Hapo habari imebadilika sura. Boti kutofika ni jambo moja, na boti kuzama ni jambo jingine kabisa. Yeyote aliyesafiri njia ile anajua kwamba maji yakipwa mkondo wa Mkanda huwa mgumu kupita, na manahodha hulazimika kusubiri maji yajae. Kwa hiyo mhariri atazame jedwali la maji kujaa na kupwa la siku hiyo, atazame tahadhari ya bahari iliyotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, kisha ampigie shemeji yule wa Mtangawanda, mwenye boti, nahodha mwenyewe ikiwa mtandao unamfikia, wahudumu wa gati ilikotoka boti, na maafisa wa usalama wa baharini. Kila jibu liandikwe pamoja na jina la aliyelitoa na saa lilipotolewa.

Tahadhari moja hapa ni ya lazima. Watu wawili wanaosimulia jambo moja si vyanzo viwili ikiwa wote wamelitoa kwa mtu yule yule. Katika visiwa vyetu, ambako nusu ya mtaa ni ndugu, hili hutokea kila siku, na ripota anaweza kupiga simu tano akadhani amethibitisha mara tano, kumbe amesikia sauti ya shemeji mmoja tu. Swali “na wewe umeambiwa na nani?” liulizwe kila mara, hata kwa chifu, hata kwa afisa wa kaunti.

Tuseme saa ya taarifa imefika na kilichothibitishwa ni kwamba boti imechelewa tu. Ikiwa uvumi haujaenea, nashauri kusubiri, kwa sababu kutangaza kuchelewa kunaweza kuzitia familia hofu bila sababu. Ikiwa umekwisha kuenea, na simu zinaingia studio kwa wingi, kunyamaza si busara tena. Basi isomwe hivi: “Boti iliyoondoka Amu leo mchana kuelekea Faza haikuwa imefika kufikia saa kumi na mbili na nusu jioni. Kuna taarifa zinazosambaa kwamba imezama. Redio hii haijapata mtu yeyote aliyeshuhudia ajali. Tumezungumza na mwenye boti, naye anasema nahodha alikusudia kusubiri maji. Tutawaletea tutakalolipata saa mbili.” Maneno haya yanampa msikilizaji kila tulicho nacho, na yanamwonyesha mpaka wa ujuzi wetu. Ahadi ya saa mbili ni deni: hata kama hakuna jipya, ifikapo saa mbili mtangazaji arudi aseme hakuna jipya.

Na iwapo msiba umetokea kweli, majina ya waliofariki yasitajwe hewani hadi jamaa zao wawe wamepewa habari na watu wao au na maafisa husika. Mama asijue kifo cha mwanawe kupitia redio ya jirani. Sauti za vilio zisirekodiwe na kupigwa hewani. Hazimwongezei msikilizaji ujuzi wowote, na zinawavunjia heshima wafiwa.

Picha na video zina maswali yake. Ripota amwombe aliyetuma faili yenyewe kutoka kwenye simu iliyopiga picha, si nakala iliyosambazwa, kisha aitafute picha hiyo kwenye intaneti kuona kama iliwahi kutumika kwingine. Mwenyeji ana uwezo ambao mtambo hauna: anaweza kuona kwamba gati iliyo kwenye picha si ya Mokowe, au kwamba bahari ni shwari ya matlai ilhali tuko katikati ya kusi. Kwa sauti zilizorekodiwa ni vigumu zaidi, kwa kuwa sasa programu za kompyuta zinaweza kuiga sauti ya kiongozi yeyote. Njia ya hakika ni kumpigia mwenye sauti au ofisi yake.

Usiku wa kuandama mwezi

Hakuna jioni inayoujaribu uhariri wa redio ya Lamu kama ile ya tarehe 29 ya Ramadhani. Simu huanza kuingia tangu magharibi: mwezi umeonekana Kiunga, umeonekana Ndau, fulani ameuona kutoka darini kwake. Mtangazaji hutamani kuwa wa kwanza kuwapa watu furaha. Lakini mtu akila kwa sababu ya kauli yetu, kisha ikabainika kwamba mwezi haukuandama, tumemwingiza katika jambo la ibada yake, na hakuna masahihisho yatakayomrudishia swaumu ya siku hiyo isipokuwa kulipa.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Habari ya kuonekana kwa mwezi ikipigwa simu, ripota achukue jina, mahali na saa, kisha amwombe mpigaji aupeleke ushahidi wake kwa kadhi au kwa maimamu wa eneo lake, ambao ndio wenye kuupokea na kuupima. Hewani, isemwe tu kwamba tangazo linasubiriwa. Tangazo la Kadhi Mkuu likitoka, lisomwe kwa jina lake na saa lilipotolewa. Na kwa kuwa wapo Waislamu wanaofuata mwandamo wa kwingineko, ikiwa maimamu wao wametangaza tofauti, isomwe pia kwamba msikiti fulani umetangaza hivi, bila kuingilia nani yuko sahihi. Kuandamisha mwezi si kazi ya redio. Kazi yetu ni kusema kwa usahihi nani ametangaza nini, na hilo peke yake linahitaji utulivu mkubwa kuliko inavyodhaniwa.

Habari za usalama

Usiku wa Juni 15, 2014, watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mpeketoni, na mauaji yakaendelea katika vijiji vya jirani usiku uliofuata. Zaidi ya watu 60 walipoteza maisha. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika. Juni 17, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa akasema kwamba shambulio lilipangwa na mitandao ya kisiasa ya humu nchini. Kwa hiyo, ndani ya siku mbili, chumba cha habari kilikuwa na maelezo mawili yasiyopatana, yote kutoka kwa wenye sauti kubwa, katika eneo ambalo mizozo ya ardhi baina ya wenyeji na waliohamia kupitia miradi ya makazi ni ya miaka mingi.

Mhariri aliye katika hali kama hiyo asichague upande, na asichanganye kauli mbili zikawa moja. Kila dai lisomwe likiwa na mwenyewe, siku yake na mahali liliposemwa. Neno “inasemekana” lipigwe marufuku katika habari za usalama, maana linamficha msemaji na kuubebesha mji mzima kauli yake. Kabila au dini ya mtuhumiwa isitajwe kama sababu ya tendo kabla ya kuwepo ushahidi uliotolewa waziwazi. Idadi ya waliouawa itajwe pamoja na aliyeitoa, na ikibadilika, isemwe kwamba imebadilika. Mahali walipo maafisa wanaoendelea na msako pasitajwe.

Kipengele cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini kinauondolea ulinzi huo uchochezi wa vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 nayo inayafanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa. Hatari kubwa haiko katika taarifa iliyoandikwa. Iko katika simu za wasikilizaji zinazoingia moja kwa moja. Asiwekwe mpigaji yeyote hewani kabla mtu wa pili hajazungumza naye na kujua anataka kusema nini, na siku za taharuki simu zirekodiwe kwanza. Mtangazaji awe na sentensi yake tayari, kwa mfano: “Samahani, mama, hatutaji jina la mtu hapa kabla hajapewa nafasi ya kujibu. Endelea na ulilolishuhudia wewe mwenyewe.” Akiendelea, simu ikatwe kwa upole, na wasikilizaji waambiwe kwa nini imekatwa.

Hati, ahadi za fidia na haki ya kujibu

Lamu ni kaunti ya miradi mikubwa, na miradi mikubwa huzaa taarifa nyingi zenye maslahi. Mradi wa kuzalisha megawati 1,050 za umeme kwa makaa ya mawe huko Kwasasi uliwagawa watu kwa miaka, hadi Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira lilipoifuta leseni yake, likitaja miongoni mwa sababu upungufu katika kuwashirikisha wananchi. Aliyesoma taarifa ya upande mmoja tu jioni ile angeweza kuwaambia wasikilizaji kwamba mradi umepigwa marufuku milele, au kwamba ni kasoro ndogo ya makaratasi. Uamuzi wenyewe haukusema lolote kati ya hayo. Kila palipo na hukumu, mhariri atafute nakala yake na asome sehemu ya maagizo mwishoni kabla ya kusikiliza maoni ya yeyote.

Vivyo hivyo kwa fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76. Mahakama kuagiza malipo, pande kukubaliana namna ya kulipa, na fedha kuingia katika akaunti ya mvuvi ni hatua tatu zilizo mbalimbali. Ujumbe ukija kwamba “fidia imeanza kutoka”, ripota aulize ni hatua ipi, kisha amtafute mvuvi aliyelipwa. Ikiwa ujumbe unawataka watu watume pesa kwanza ili majina yao yaingizwe, isomwe haraka kwamba viongozi wa wavuvi wameulizwa na wamesema nini.

Ofisi ya umma ikikataa kutoa hati, kituo kitumie Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi liandikwe na lipelekwe kwa mkono pale inapowezekana, na nakala yake igongwe muhuri. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ni njia ya polepole, lakini vituo vidogo huiacha mapema mno.

Anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu kabla ya habari kutoka, na apewe muda unaofaa. Kumpigia dakika tano kabla ya taarifa ni kujitafutia kisingizio cha kusema “hakupatikana”. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliondoa kashfa katika orodha ya makosa ya jinai, ila kesi za madai zingalipo, na fidia ya kesi moja inaweza kukifunga kituo.

Nauli na vipindi vya kulipiwa

Jambo hili linauma, na ni lazima lisemwe. Safari ya Kiunga au ya Basuba ni ghali, vituo havina fedha, na mwandalizi wa mkutano hutoa boti, chakula na bahasha ya “nauli”. Ripota aliyepokea bahasha amefungwa mdomo hata kama hakuombwa chochote. Kituo kijitahidi kulipa nauli yake chenyewe, hata kama kitalazimika kupunguza safari. Pale ambapo hakuna njia nyingine ila kupanda boti ya mwenye mkutano, isemwe ndani ya habari yenyewe nani aliyegharamia safari. Bahasha irudishwe. Kipindi kilicholipiwa, kiwe cha mwanasiasa, cha shirika au cha kampuni, kitangazwe hivyo mwanzoni na mwishoni, na msomaji wa taarifa ya habari asiwe ndiye anayekiendesha.

Shinikizo la wakubwa nalo lina utaratibu wake. Januari 30, 2018, serikali ilizima matangazo ya runinga kubwa za Citizen, NTV na KTN, na tangu siku hiyo kila kituo kinajua kwamba hata wakubwa hawana kinga. Afisa akipiga simu kuagiza habari iondolewe, aombwe kwa heshima atume agizo hilo kwa maandishi akitaja kifungu cha sheria, na simu yake iandikwe katika daftari.

Masahihisho

Masahihisho yasomwe katika taarifa ile ile iliyobeba kosa, mwanzoni, kwa sauti ile ile. Yataje kilichosemwa, kilicho kweli, na lini kosa lilitoka. Katiba, katika Kipengele cha 35, inampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Kwa hiyo anayekuja kulalamika haombi fadhila kwetu.

Kila kituo kiwe na daftari la malalamiko lililo wazi mapokezini, na namba ya simu inayotangazwa kila siku, kwa maana wengi wa wasikilizaji wa visiwani hawataabiri boti kuja kulalamika. Anayelalamika ajibiwe ndani ya siku saba, kwa jina la mhariri. Asiporidhika, aelekezwe kwa Tume ya Malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari, iliyo chini ya sheria ya 2013, na aelezwe namna ya kuwafikia, hata kama mlalamikiwa ni sisi wenyewe. Rekodi za taarifa zote za habari zihifadhiwe ili mlalamikaji aweze kusikiliza kilichosemwa. Na zamu inapobadilishwa, mhariri anayeondoka amwandikie anayeingia habari zilizosubirishwa, sababu ya kusubirishwa, nani bado hajapigiwa, na ahadi ambazo wasikilizaji wamepewa.